Mwito wa Muuzaji: Haki ya Sauti katika Muziki Usio na Maneno

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, na kuyasaka maudhui hayo katika maneno. Kwa mhakiki aliyelelewa katika mkabala huo, albamu ya tekno ni fumbo, kama si upuuzi: mapigo yale yale kwa dakika kumi, hakuna anayesema wala anayesemwa. Hukumu hiyo ni ya haraka. Wapigaji ngoma wa Chuka, wanaozibana ngoma zao ndefu katikati ya miguu, hawadaiwi maneno ili urudiaji wao uwe na maana. Tekno nayo ilizaliwa Detroit katika miaka ya 1980 mikononi mwa vijana Weusi kama Juan Atkins na Derrick May, kabla ya Robert Hood kuipunguza hadi ikabaki mifupa mitupu katika Minimal Nation (1994). Swali la maana, basi, si gumu sana. Gumu ni la haki.

Muziki wa aina hii hupenda kuokota sauti za watu. Mnamo 1964 Steve Reich alimrekodi mhubiri wa Kipentekoste katika uwanja wa Union Square, San Francisco. Mwaka uliofuata, katika It's Gonna Rain, vipande vya mahubiri yale vilirudiwa hata onyo la gharika likageuka mdundo. Uzuri wa kazi hiyo haukanushiki. Lakini mhubiri alikuwa akionya, ilhali msikilizaji anaburudika.

Na ichukuliwe kwamba kinasasauti kimewekwa katika soko la Gakoromone, mjini Meru. Kitanasa bei zikitajwa kwa Kimeru, mkokoteni ukipita, mama muuza ndizi akimwita mteja. Asiyejua Kimeru hana hatia akisikia mvumo tu. Anayeijua lugha hiyo hana njia hiyo ya kutokea: mwito hudai jibu, na kuusikia kama rangi ya sauti ni kumpita mwitaji kana kwamba hayupo.

Joseph Kamaru, ajulikanaye kama KMRU, mzaliwa wa Nairobi na mjukuu wa mwimbaji Joseph Kamaru aliyefariki mwaka 2018, amelikabili tatizo hili kwa namna isiyotarajiwa. Katika Peel (2020) sauti za mazingira huyeyuka polepole, bila ngoma wala mwimbaji. Katika Temporary Stored (2022) alizigeukia rekodi za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Kuzichakata upya kungeweza kuitwa unyang'anyi wa pili. Hata hivyo, hifadhi ya kikoloni ilitaka sauti hizo ziwe wazi, zenye lebo, zinazochunguzika. Kamaru anamnyima msikilizaji uwazi huo. Ukungu unaowafunika waimbaji unawalinda, na jina la albamu linadokeza kwamba vilivyowekwa huko vimewekwa kwa muda tu.

Ruhusa hiyo haihamii Gakoromone yenyewe kwa yenyewe. Waliorekodiwa enzi za ukoloni hawawezi tena kuulizwa. Muuza ndizi anaulizika, kwa sentensi moja, kabla kifaa hakijawashwa. Ukungu ukitandazwa juu ya sauti yake bila yeye kujua, si ulinzi tena. Na akikataa, kibanda cha jirani hakiko mbali.