Kula Bia na Kula Kikoa

Katika lugha yetu mna maneno mawili ambayo vijana wa miji mikubwa wameanza kuyasahau. La kwanza ni kula bia, yaani watu kuchanga kila mmoja fungu lake kwa ajili ya chakula kimoja. La pili ni kula kikoa, yaani watu kulishana kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako, kesho kutwa kwa mwenzetu. Niliyajua yote mawili tangu utotoni, walakini sikupata kujiuliza tofauti yake ina maana gani mpaka usiku mmoja nilipoketi na marafiki zangu wawili katika mkahawa wa Waitaliano, katikati ya mji wa Nairobi.

Mkahawa ule ni wa jamaa moja. Bibi mzee hukaa penye fedha, mwanawe hupika, na wajukuu huchukua sahani. Waitaliano si wageni wa jana nchini Kenya. Maelfu yao waliletwa wakiwa mateka wa vita baada ya kushindwa Ethiopia mwaka 1941, na mikono yao ndiyo iliyojenga barabara iteremkayo Bonde la Ufa kuelekea Naivasha, pamoja na kanisa dogo lililo kando yake karibu na Mai Mahiu. Siku hizo Mwafrika aliingia katika hoteli kubwa za Nairobi kama mtumishi, si kama mgeni wa kuketi mezani. Mlango huo ulikwisha funguliwa zamani. Karatasi ya bei, hata hivyo, bado ipo, nayo huwapanga watu kwa namna yake.

Sisi watatu tulisoma shule moja, dawati kwa dawati. Mmoja sasa ni wakili, na nyumba yake iko Lavington. Wa pili ni mwalimu wa shule ndogo huko Kawangware, mtaa unaopakana na Lavington, hata mtu aweza kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kwa miguu. Mimi ni karani. Sina cha kujivunia wala cha kulilia.

Wakili aliagiza nyama na mvinyo. Mimi niliagiza tambi. Mwalimu aliisoma karatasi ya vyakula kwa muda mrefu, nami nikaona kwamba macho yake hayasomi upande wa majina ya vyakula bali upande wa bei. Mwishowe akaagiza supu ya mboga, akasema alikuwa amekula mchana kwa kuchelewa. Huenda ningeyasadiki maneno hayo kama si kikapu cha mkate, ambao jamaa wale huwapa wageni bila malipo. Mkono wake uliporudi kikapuni mara ya nne, nilielewa. Baadaye nilisikia kwamba hakuwa amepata mshahara wake kwa miezi miwili.

Hesabu ilipoletwa, wakili, ambaye si mtu mbaya hata kidogo, akasema, "Tugawe kwa tatu." Alisema hivyo kwa heshima ya usawa wetu wa zamani. Kabla mwalimu hajajibu nikainuka, nikaenda kwa yule bibi, nikalipa yote, kisha nikarudi nikatangaza kwamba jambo limekwisha. Wakili alicheka na kunishukuru. Mwalimu alinyamaza. Wiki mbili baadaye simu yangu ikalia: mwalimu alikuwa ameniletea kwa M-Pesa theluthi kamili ya hesabu ile, si bei ya supu yake. Kisha akaacha kuja tulipokutana.

Basi nani alikosa? Kugawa kwa tatu kulikuwa usawa wa tarakimu, na tarakimu haina macho ya kuona kikapu cha mkate. Kila mtu kulipia sahani yake kungekuwa haki, ila haki ya namna hiyo hutenda kazi hata kati ya watu wasiojuana, nasi hatukukutana ili tuwe kama wasiojuana. Kulipa yote kulionekana ukarimu, na hapo ndipo nilipojikwaa. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, aliona kwamba mtenda wema aghalabu humpenda aliyemtendea kuliko anavyopendwa naye, kama fundi apendavyo kazi ya mikono yake. Nakiri kwamba usiku ule, nilipokuwa nikirudi mezani, nilijipenda sana. Wahenga walisema, ukila na kipofu usimguse mkono. Wengi hulitumia neno hilo kwa hila. Mimi sasa nasikia adabu ndani yake. Niliugusa mkono wa mwenzangu mbele ya watu.

Tulipokuwa tukitoka, jamaa ya mkahawa ilikuwa imeanza kula. Sinia moja kubwa katikati, bibi akipakua, hata mjukuu aliyevunja sahani mapema usiku ule akipewa kama wengine. Palepale, chini ya paa moja, palikuwa na meza yenye hesabu na meza isiyo na hesabu. Sisemi kwamba marafiki waweza kuwa kama jamaa. Ndugu hukasirika akabaki ndugu. Rafiki akiona haya huondoka, na hakuna damu ya kumrudisha.

Miezi ikapita. Ndipo mwalimu alipotualika sote wawili nyumbani kwake Kawangware. Palikuwa na githeri, sukuma wiki na maparachichi, vyote katika vyombo viwili vikubwa, na watoto wake watatu wakitutazama. Wakili alifika na mfuko mzito: unga, sukari, mafuta. Nilimzuia mlangoni, nikamsihi aurudishe garini. "Watoto wanahitaji," akaniambia kwa sauti ya chini, na alisema kweli. Tulibishana pale nje kama watu wanaoibiana. Mpaka leo sina hakika kwamba nilikuwa na haki, maana heshima ya baba hailiwi na mtoto mwenye njaa. Lakini aliurudisha.

Mwalimu alitupakulia mwenyewe. Wakili alikula sahani mbili, akaomba ya tatu bila kuuliza kama chakula chatosha, na sikupata kumwona mwenzetu mwenye furaha kama alivyokuwa alipomwongeza. Usiku alitusindikiza hadi barabarani, akatufungulia mlango wa gari, akamwambia wakili, "Haya, bwana, zamu ijayo ni yako. Na safari hii nitaagiza nyama."