Sifa, Fedha na Mtafiti Mwanamke

Katika baraza moja la hivi karibuni hapa Kayanga, yalipotajwa mambo ya binti mmoja wa Kyerwa aliyenyimwa fedha za kuchunguza maradhi ya maharage, ilhali andiko lake lilisifiwa na wale wale waliolikataa, kwa sababu tu kwamba mwenyewe hajajulikana bado, alisimama mzee mmoja msomi, mtu ninayemheshimu kwa ilimu yake na kwa umri wake, akasema kwa utulivu kwamba sayansi haijui mume wala mke, na kwamba fedha ya utafiti apewe mwenye sifa, basi. Wengi walitikisa vichwa kumuunga mkono. Mimi sikumuunga, na tangu siku ile neno lake halijanitoka moyoni.

 Zipo hoja za kupinga kuwatengea wanawake fedha za utafiti ambazo mtu muadilifu hana budi kuzikiri: fungu lililotengwa kwa wanawake huweza kumtia mpokeaji doa la kudhaniwa kwamba amependelewa, na kijana wa kiume wa Murongo, mwana wa fukara, naye pia hana wa kumshika mkono. Hayo ni kweli. Lakini hoja ya sifa ni ya namna nyingine kabisa, kwa kuwa hufunga mlango huku ikijidai kwamba mlango uko wazi.

Nauliza: hiyo sifa hupatikana wapi? Mtafiti husifika kwa makala aliyoyachapisha, kwa wanafunzi aliowalea, kwa maabara aliyoisimamia na kwa mikutano aliyoalikwa kusema; na katika hayo hakuna hata moja lisilogharimiwa na fedha iliyotangulia, ambayo nayo ilitolewa na watu waliokwisha kumjua. Basi aliyepewa jana ndiye mwenye sifa leo, na mwenye sifa leo ndiye atakayepewa kesho, na aliyekosa mara ya kwanza huhesabiwa kuwa mpungufu kwa sababu ya kule kukosa kwake. Kumtaka mtu huyu aonyeshe sifa kwanza ni kumdai mavuno ya shamba ambalo hakupewa jembe la kulilimia.

Yamkini mzee wangu atajibu kwamba haya ni maneno matupu, na kwamba wapimaji ni watu wa haki wanaotazama kazi yenyewe. Na itazamwe Kanada. Taasisi za taifa za utafiti wa afya za nchi ile zilizigawa ruzuku zake mafungu mawili makubwa: katika fungu moja wapimaji waliambiwa wapime kwanza swali na njia ya kulichunguza, na katika la pili wapime kwanza mtafiti mwenyewe, uongozi wake na jina lake. Holly Witteman na wenzake walipoyachambua maombi takriban 24,000, wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka 2019, ilidhihirika kwamba palipopimwa swali, kiwango cha wanawake kupewa ruzuku kilipitwa na cha wanaume kwa pointi 0.9 za asilimia, na palipopimwa mtu, pengo likafika pointi 4.0. Kabla ya hapo, mwaka 1997, Christine Wennerås na Agnes Wold walikwisha kuonyesha kwamba katika baraza la utafiti wa tiba la Uswidi, nchi inayosifiwa ulimwenguni kwa usawa, mwanamke alihitaji kuwa na kazi mara 2.5 zaidi ya mwanamume ili apewe alama sawa naye ya umahiri. Basi kumbe kinachoitwa sifa, mizani inapoelekezwa kwa mtu, huwa ndani yake kuna kitu kisicho sayansi.

Na hasara haimpati mwanamke peke yake, kwa kuwa maswali yasiyoulizwa hutugharimu sote. Kahawa, zao ambalo fedha yake huingia mfukoni mwa mume, ilikuwa na kituo chake cha utafiti kule Lyamungu tangu mwaka 1934. Maharage yanayopandwa na mama chini ya migomba ya kibanja, yaani shamba la nyumbani, yalingoja sana kuulizwa habari zake. Alipokuja Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba aliyesomea Uppsala, akaliuliza shamba la migomba na kahawa la Kagera swali ambalo wengine hawakulipa uzito, yaani mgawanyo wa kazi baina ya mume na mke unatugharimu kiasi gani, hesabu zake za mwaka 1994 zilionyesha kwamba kuulegeza mgawanyo ule kungeongeza pato la fedha kwa hadi asilimia 10 na tija ya mtaji kwa asilimia 44.

Nikikitaja kibanja siwezi kuipita kesi ya Holaria Pastory, ijapokuwa haihusu maabara. Mama yule wa mkoa wetu wa Kagera alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, na jamaa yake akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Tarehe 22 Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila ile inapingana na haki zilizomo katika Katiba. Mwanamke alikuwa akiruhusiwa kulima na kula, ila si kuamua. Nami nawaona wengi wa watafiti wetu wa kike katika hali ile ile: hukusanya takwimu, hupima majani, huandika ripoti, na fungu likija huandikwa jina la mwingine.

Dawa yake siijui yote. Kuficha majina ya waombaji hakufai sana katika nchi ambayo wataalamu wa zao moja hujuana kwa sauti; na mipango kama AWARD, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2008 kuwainua wanawake watafiti wa kilimo, huwaandaa waombaji zaidi kuliko wapimaji. Kwa hiyo kwenu mtakaoketi kupima maombi yajayo nina ombi: lisomeni swali kabla ya jina, na sababu ya kila kukataa iandikwe pamoja na jina la aliyekataa.