Nguo Mbichi Ghorofani

Mwanangu, binti wa dada yangu, anaishi Manchester, Uingereza, kwenye fleti ya ghorofa ya tano. Amenipigia kuniuliza kama anunue mashine ya kukaushia nguo. Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe wala nguo zionekane kibarazani, kwa hiyo mashine yenye bomba la kutolea mvuke nje haimfai. Anayoitazama ni ile inayokausha ndani kwa ndani, maji ya nguo yakaishia kwenye chombo cha kumwagwa. Mtu anaweza kushangaa kwa nini aniulize mimi niliye Nakapanya, mahali ambapo sijaiona mashine hiyo katika nyumba yoyote. Lakini kwetu mama mdogo huulizwa mambo ya nyumba, na hili ni la nyumba hasa. Nimekaa nalo siku kadhaa kabla ya kumjibu, kwa sababu niliona kwamba ndani ya swali la mashine kuna swali la jinsi ya kuishi na watu.

Nakapanya ipo wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma, kwenye barabara inayotoka Songea kuelekea Masasi. Mvua zetu ni za msimu mmoja: huanza Novemba ikielekea ukingoni au Desemba, zikaachia Aprili. Miezi mingine yote jua ni letu. Kitenge kilichoanikwa saa tatu asubuhi huanuliwa saa sita kikiwa kikavu kabisa. Na si nguo peke yake. Korosho, mpunga, makopa ya muhogo, vyote vinapita kwenye jua hilohilo kabla ya kuingia ndani. Msimu wa korosho utakuta uani mkeka umejaa korosho chini, na juu yake kamba ya nguo. Mkulima anajua kwamba korosho iliyowekwa kwenye gunia kabla haijakauka huota ukungu na kushushwa daraja. Kwa hiyo watu wa huku hatuchukulii kukauka kwa kitu kama jambo linalojiendea lenyewe. Kabla lami haijafika katika miaka ya 2010, waliokaa kando ya barabara waliangalia pia lori linatokea upande gani, maana vumbi jekundu la lori moja lilitosha kumrudisha mtu kwenye beseni na shuka zake zote.

Masika ndipo penye kazi. Wingu linajikusanya, upepo unageuka, na sauti ya kwanza inayosikika ni ya mtu akiita, "Anueni nguo!" Aliyepo nyumbani huanua zake na za jirani aliyeko shambani. Haombi ruhusa. Unarudi jioni umelowa mwili mzima, unakuta nguo za watoto zimekunjwa juu ya kitanda cha mwenzako, na hakuna anayehesabu kwamba sasa unadaiwa. Ila ili jambo hili liwezekane, lazima ukubali jirani azishike nguo zako. Ataijua shuka yako iliyochanika katikati. Atajua mumeo ana mashati mangapi. Kamba ya nguo haifichi umaskini wa mtu, wala ugonjwa, wala mtoto mchanga aliyezaliwa kabla taarifa hazijatolewa.

Ndiyo maana tuna namna zetu za stara. Nguo za ndani huanikwa chini ya kanga, kanga ikizifunika mbele na nyuma, ili jua lipite na macho yasipite. Mama alinifundisha hivyo nami nimewafundisha wanangu. Lakini stara hiyo ina upande wenye madhara, na sitaki kuupamba. Vitambaa vya hedhi, katika nyumba nyingi, havifiki hata chini ya kanga. Vinafichwa chini ya godoro, kwenye kona ya chumba, nyuma ya ndoo bafuni. Vinavaliwa vikiwa na unyevu, na wasichana wanaugua kimyakimya kwa muwasho na maambukizi. Jua lipo nje, bure, na msichana analikosa kwa sababu ya aibu aliyopewa na watu wazima. Mtu akiniambia kwamba mashine inayokausha ndani, mlango ukiwa umefungwa, ingemwondolea binti huyu mateso, namwamini bila kusita.

Tena kuna nzi. Kuna aina ya nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa kwenye majani au chini kwenye mchanga. Mayai yakianguliwa, funza wadogo huingia kwenye ngozi ya atakayezivaa, likatokea jipu lenye kijitundu katikati, na ndani yake kuna kitu kinachotikisika. Kwa watoto wachanga ni maumivu makubwa. Ndiyo sababu mama zetu walipiga pasi hata nepi, kwa pasi ya mkaa, wakipita taratibu kwenye mishono na kwenye kiuno cha lastiki. Jua kali na pasi yenye moto ndizo dawa. Kwa hiyo kukausha nguo sawasawa ni kazi ya afya, na inafanywa na wanawake karibu wote, juu ya kazi nyingine zote walizo nazo.

Sasa mashine yenyewe. Nimeisoma kwa makini, nikamwomba na fundi wa mafriji wa hapa aniangalizie. Zipo aina mbili kubwa zisizohitaji bomba la nje. Ya kwanza ni ya kondensa: waya wa umeme unapasha hewa moto, hewa inapita kwenye nguo zinazozunguka, kisha inapozwa kwa hewa ya chumbani mpaka mvuke ugeuke maji. Sehemu ya joto hilo inabaki chumbani. Ya pili ni ya pampu ya joto. Hii ina gesi ya ubaridi na kompresa, vilevile kama friji: upande wa baridi unavuta maji kwenye hewa, upande wa moto unaipasha upya hewa ileile, hivyo joto halitupwi. Inakausha kwa nyuzi 50 hivi za Sentigredi, wakati ya kondensa hufika karibu 70. Inachukua muda mrefu zaidi na bei yake dukani ni kubwa, lakini nguo hazichakai upesi. Zile nyuzi laini zinazojaa kwenye chujio kila inapomaliza kazi ni nguo yako yenyewe inayoondoka kidogokidogo.

Tofauti yao iko kwenye umeme. Mzigo wa kilo 8 kwenye mashine ya kondensa unakula uniti 4 hadi 5. Kwenye ya pampu ya joto uniti 2 au pungufu. Nikafanya hesabu ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla ya kutumia. Mteja wa kawaida wa TANESCO analipa karibu shilingi 356 kwa uniti moja, kodi na tozo zikiwemo. Basi mzigo mmoja ni kama shilingi 1,600 kwa ya kondensa na kama 700 kwa ya pampu. Na yule mwenye matumizi madogo, anayetakiwa asivuke uniti 75 kwa mwezi ili abaki kwenye bei ya shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, akikausha mara tatu kwa wiki kwa mashine ya kondensa atakuwa ameteketeza uniti zaidi ya 50 kwa nguo tu. Taa, redio na simu zigawane zilizobaki. Kitu ambacho jua linatufanyia bure kina bei, na ni vizuri kuijua ili tujue tumepewa nini.

Wenzetu wa Ulaya wamelazimika kulitungia sheria jambo hili la umeme wa kukaushia. Uswisi tangu 2012 hairuhusu kuuza mashine mpya za kukaushia zisizofikia kiwango ambacho, kwa vitendo, ni cha pampu ya joto peke yake. Umoja wa Ulaya umefuata njia hiyo kuanzia Julai 2025. Uingereza imeshatoka kwenye Umoja huo, kwa hiyo sheria hiyo haimfungi muuza duka wa Manchester, na mnunuzi inabidi afumbue macho mwenyewe.

Lililonigusa zaidi ni kwamba kuna nchi tajiri ambako kuanika nguo nje kulikatazwa. Vyama vya wenye nyumba Marekani na Kanada viliandika kwenye mikataba kwamba kamba ya nguo inaharibu sura ya mtaa na kushusha bei ya nyumba. Watu wakadai haki ya kuanika. Jimbo la Ontario, Kanada, lilifuta makatazo hayo mwaka 2008, na Vermont nchini Marekani ikapitisha sheria yake mwaka uliofuata. Hata hivyo uamuzi wa Ontario uliwahusu wenye nyumba za chini. Wa maghorofani walibaki palepale. Nikifikiri kwamba binadamu anahitaji sheria ya bunge ili shati lake liguswe na jua, naona jinsi tunavyoweza kupotea huku tukiamini tunaendelea.

Na anayenyimwa kamba ataanika wapi? Ataanika chumbani. Mzigo wa nguo zilizotoka kwenye mashine ya kufulia bado una lita mbili au zaidi za maji, na maji hayo yote yanaingia kwenye hewa ya chumba, yanakwenda ukutani, ukuta unaota ukungu. Rochdale, mji ulio jirani na Manchester, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki Desemba 2020. Uchunguzi wa mahakama mwaka 2022 ulithibitisha kwamba kilichomuua ni ugonjwa wa mfumo wa kupumua uliotokana na kuishi muda mrefu katika fleti yenye ukungu. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017. Wenye nyumba walidhani tatizo ni mtindo wa maisha wa familia na namna yao ya kuoga. Leo kuna sheria yenye jina la mtoto huyo, iliyoanza kutumika Oktoba 2025, inayowalazimisha wenye nyumba za kijamii kushughulikia unyevu na ukungu kwa muda maalumu. Kila nikilisoma tukio hilo nashikwa na uchungu. Nyumba haikuwa na njia ya kutosha ya kutoa unyevu, kisha akalaumiwa mgeni kwa kuoga.

Hapo ndipo ulipo msimamo wangu. Mashine si dhambi na si maendeleo. Ni kiraka kwa nyumba iliyojengwa bila kufikiria kwamba watu hufua. Dar es Salaam sasa maghorofa yanaota kila mtaa, na mengi hayana sehemu ya kuanika isipokuwa reli ya kibarazani, ambayo baadhi ya wasimamizi wameanza kuikataza kwa hoja zilezile za Wamarekani. Mji una jua mwaka mzima. Paa la ghorofa kumi ni uwanja mtupu unaounguzwa na jua kutwa. Anayechora ramani akiweka kamba huko juu, ukuta wa stara wenye matundu ya upepo na bomba la maji, atakuwa amewaokolea wapangaji wake umeme mwingi, na atakuwa amewapa mahali pa kujuana majina. Bodi za wasanifu na mamlaka za miji zingeweza kulifanya hilo kuwa sharti la kibali cha ujenzi, na sioni sababu ya kungoja.

Binti yangu nimemwambia hivi. Anunue ya pampu ya joto, si ya kondensa, hata kama itabidi asubiri miezi miwili akusanye fedha. Asinunue ile inayofua na kukausha katika pipa moja, kwa sababu hukausha kiasi kidogo kuliko inachofua. Majira ya joto atumie kitundikio karibu na dirisha lililo wazi, mashine ipumzike. Chujio asafishe kila mara. Amwandikie mwenye nyumba barua ya heshima kuomba kitundikio kifupi kibarazani, kisichoonekana barabarani. Na kwa kuwa amenieleza kwamba mlango wa pili yupo mama mwenye mtoto mchanga anayeanika nepi juu ya vipasha joto, amkaribishe alete nepi zake siku ambayo mashine haijajaa.

Yote ameyakubali isipokuwa hilo la mwisho. Anasema huko watu hawaingiliani, yule mama anaweza kuona kama amedharauliwa, na nguo ni jambo la siri. Namwelewa, nimekwisha kueleza jinsi kamba inavyoweza kumwaibisha mtu. Lakini mtoto anavuta hewa ya ukungu ukuta wa pili. Hilo bado tunabishana.