Kinanda Kilichonyamazishwa na Vumbi

Tarehe 15 Aprili 2019, siku ya Jumatatu ya Juma Kuu, moto mkali uliwaka katika kanisa kuu la Notre-Dame, yaani la Bikira Maria, mjini Paris, Ufaransa. Paa likateketea, na mnara wake mwembamba ukaanguka mbele ya watu waliokuwa wakisali na kulia njiani. Wengi walidhani kwamba kinanda kikubwa nacho kimekuwa majivu. Kumbe kilikuwa kingali mahali pake, juu ya mlango mkubwa. Ndimi za moto hazikukigusa.

Kinanda hicho kina filimbi karibu 8,000. Iliyo ndefu kabisa inafikia karibu meta 10. Iliyo ndogo haifikii urefu wa kalamu ya mwanafunzi. Mpigaji hukaa mbele ya safu 5 za vibao vya mikono na safu moja ya miguu. Lakini hakuna filimbi inayoimba kwa nguvu zake yenyewe. Mpigaji akibonyeza kibao, kilango kidogo hufunguka, upepo huingia, nayo filimbi hutoa sauti. Pasipo upepo, zote ni mabomba matupu.

Mafundi wa vizazi vingi wamekitumikia. François Thierry alikijenga upya mwaka 1733, na Aristide Cavaillé-Coll akakikuza na kukizindua tena mwaka 1868, bila kuzitupa filimbi zote za wazee wake. Louis Vierne, aliyezaliwa akiwa karibu kipofu, alikipiga tangu mwaka 1900 hata tarehe 2 Juni 1937, alipofariki akiwa ameketi mbele yake.

Basi, ikiwa moto haukukiunguza, kwa nini kilinyamaza zaidi ya miaka 5? Kwa sababu ya vumbi. Paa la kale lilifunikwa kwa madini ya risasi. Moto ulipoliyeyusha, vumbi lenye sumu lilitua juu ya kinanda na kuingia ndani yake. Kwa macho kilikuwa kizima, kuimba hakikuweza.

Mkristu mpenzi, je, hali hiyo haifanani na ya wakristu wengi? Mtu hakuiba, hakuua, hakuiacha dini. Watu humwona mzima kanisani. Lakini wivu mdogo, uwongo mdogo, chuki ya jirani iliyofichwa, vyote hutua moyoni kidogo kidogo kama vumbi. Siku moja sala inakauka, naye hajui sababu.

Mafundi wa Paris hawakupangusa nje tu. Kuanzia Agosti 2020 walikifungua kinanda, wakazitoa filimbi zake, wakazisafisha, kisha wakazirudisha. Mwaka 2024 walizipatanisha sauti usiku, kwa maana mchana kelele za wajenzi ziliwazuia kusikia. Hivyo ndivyo ilivyo Kitubio chema: kuifungua roho yote, kutaja kila dhambi kwa jina lake, na kutafuta kimya ili kuisikia dhamiri. Anayepangusa nje tu hubaki na sumu yake ndani.

Jioni ya tarehe 7 Desemba 2024, milango ilipofunguliwa tena, Askofu Mkuu Laurent Ulrich alikigeukia kinanda, akakiita mara 8 kwa maneno ya baraka. Kila mara kilijibu, na sauti yake ikalijaza kanisa.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulikisifu kinanda cha filimbi, tena ukaruhusu ala nyingine zinazofaa ibada. Basi hata misioni isiyo na chochote ila ngoma haikosi fundisho hili. Mungu ndiye aitaye, na upepo ni wa Roho Mtakatifu. Kazi ya mkristu ni kukubali kufunguliwa na kusafishwa, ili aitwapo, asikutwe bubu.