Kila Mstari na Nasaba Yake

Mwanangu, umeajiriwa ofisi ya takwimu ya halmashauri, na wiki hii au ijayo utaletewa faili. Nalijua kabla hujalifungua. Safu ya A imeandikwa KILIMANJARO mara moja tu, juu kabisa, kwa herufi nene. Chini yake seli tupu mpaka mkoa unaofuata. Safu ya B ina halmashauri, C kata, D kijiji au mtaa, E idadi ya kaya. Kila ngazi imetajwa mara moja kwenye mstari wake, na jumla yake pembeni. Likichapishwa linapendeza, kwa sababu lilitengenezwa lichapishwe. Mkuu wako atasema, "Hebu nitolee kaya za Kilimanjaro," nawe utachuja safu ya A na kupata mstari mmoja.

Usimlaumu aliyelitengeneza. Mtu akiona nafasi tupu chini ya neno, anaelewa kwamba neno lile bado linaendelea. Programu haielewi hivyo. Kwake seli tupu ni seli tupu, na mstari wa 417 hauna habari na mstari wa 2. Kwa hiyo nasaha yangu ni moja, na mengine yote yanatoka humo: kila mstari ubebe nasaba yake yote. Kwetu mtu akiulizwa yeye ni nani, hasemi "Juma" akanyamaza. Anataja baba, anataja babu, ndipo wajue ni Juma yupi. Mstari wa kijiji nao useme ni kijiji gani, cha kata gani, halmashauri gani, mkoa gani, hata ukiuchomoa peke yake ukaupeleka kwenye faili jingine.

Kabla hujagusa kitu, hifadhi nakala ya faili kama lilivyokuja na usiifungue tena ila kwa kulinganisha. Kisha, kwenye nakala ya kazi, jaza safu ya F namba za mistari: 1, 2, 3, mpaka mwisho. Ziwe tarakimu zilizoandikwa, zisiwe fomula. Vijana wengi huiona hatua hii ya kupoteza muda. Lakini katika faili la aina hii mpangilio wenyewe ni taarifa: kijiji ni cha kata fulani kwa sababu tu kimekaa chini yake. Akitokea mtu akabofya kitufe cha kupanga kwa alfabeti, akahifadhi, akafunga, hakuna fomula duniani itakayojua tena kijiji kipi ni cha nani. Namba hizo ndizo zitakazokurudisha. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani, aliandika makala iliyozaa hifadhidata tunazozitumia hadi leo, na mojawapo ya mambo aliyoyapinga ni hilihili, programu kutegemea mpangilio ambao data imehifadhiwa. Yeye alikuwa anashughulika na mashine kubwa za wakati ule. Tatizo ni lilelile.

Sasa fomula. Safu ya G itabeba mkoa. Kwenye G2 andika:

=IF(A2<>"",A2,G1)

Yaani, kama A2 ina neno, lichukue. Kama haina, chukua lililo juu yangu. Iburute mpaka chini na KILIMANJARO itashuka yenyewe hadi ikutane na LINDI. Hii wengi wanaijua. Wanapoteleza ni ngazi ya pili, maana huinakili fomula ileile kwenye safu ya H na kuondoka. Tazama kinachotokea mstari unaoanza LINDI: seli ya halmashauri pale ni tupu, kwa hiyo fomula inapanda juu na kushusha halmashauri ya mwisho ya Kilimanjaro, na sasa una mstari wa Lindi wenye mzazi wa Kilimanjaro. Ngazi ya chini lazima ijifute kila ngazi ya juu yake inapobadilika. Kwa hiyo H2 ni:

=IF(B2<>"",B2,IF(A2<>"","",H1))

na I2, ya kata, ni:

=IF(C2<>"",C2,IF(OR(A2<>"",B2<>""),"",I1))

Zisome polepole mpaka uweze kuzieleza kwa Kiswahili bila kutazama kompyuta. Ya kata inasema hivi: kama kata imetajwa hapa, ichukue, kama haikutajwa lakini mkoa au halmashauri mpya imeanza hapa, acha wazi, vinginevyo endelea na kata iliyo juu. Ukiielewa hiyo, ngazi ya nne na ya tano utajiandikia mwenyewe.

Ikikataa, chunguza utupu. Seli inayoonekana tupu huenda ina nafasi moja ndani yake, aliyoiacha mtu alipofuta neno kwa kubonyeza kitufe cha nafasi. Hapo badala ya A2<>"" andika TRIM(A2)<>"". Na kama data ilinakiliwa kutoka tovuti, kuna nafasi ya aina nyingine, herufi namba 160, ambayo TRIM haiigusi kabisa. Iondoe kwanza kwa SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," "). Seli zilizounganishwa nazo zitenganishe mapema, kwani neno hukaa kwenye seli ya kwanza ya juu kushoto tu, zilizobaki zote ni tupu.

Kuna faili baya kuliko hilo, lile lenye ngazi zote katika safu moja, zimetofautishwa kwa kusogezwa kulia au kwa misimbo. Hapa uliza: zimetofautishwa kwa njia gani? Kama ni kwa kitufe cha kusogeza maandishi, fomula za kawaida hazioni kitu. Umbo la seli si data. Vivyo hivyo rangi na wino mzito. Kama ni kwa nafasi zilizopigwa mwanzoni, una bahati, kwa sababu FIND(LEFT(TRIM(A2),1),A2)-1 itakuhesabia nafasi hizo, na hesabu hiyo ndiyo itakayoonyesha ngazi. Kama ni kwa misimbo kama 2.4.1, hesabu nukta: LEN(A2)-LEN(SUBSTITUTE(A2,".","")).

Ila misimbo yenye nukta ina mtego ambao sitachoka kuusema. Andika 1.10 kwenye seli ya kawaida, na Excel itaigeuza kuwa 1.1, maana kwake hiyo ni desimali. Kata yako ya kumi imekuwa ya kwanza, bila onyo lolote. Msimbo kama 3-4 nao utageuzwa tarehe. Geuza safu iwe ya maandishi kabla ya kuingiza data, kwa sababu baada ya hapo sifuri ile haiwezi kurudishwa tena. Wala usidhani ni ushamba wa ofisi zetu: mwaka 2020 ilijulikana kwamba kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu imebadili baadhi ya majina kwa sababu Excel ilikuwa inayafanya tarehe. Jeni iliyoitwa MARCH1 leo ni MARCHF1. Wanasayansi wale waliona ni nafuu kuibadilisha lugha yao kuliko kuibadilisha tabia ya programu.

Mistari ikishapata nasaba, usilitumie jina tupu kuunganisha majedwali. Kata ya Majengo iko Moshi, iko Dodoma, iko Songea. VLOOKUP ukiipa "Majengo" itakuletea ya kwanza itakayokutana nayo na kunyamaza. Hata "Moshi" peke yake haitoshi, kwani wilaya hiyo ina Manispaa ya Moshi na pia Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Tengeneza ufunguo wenye ngazi zote: G2&"|"&H2&"|"&I2. Kile kistari cha kutenganisha usikiache, hasa ukitumia misimbo, maana 1 na 12 zikiunganishwa hutoa 112, na 11 na 2 nazo hutoa 112.

Utakuta pia kwamba matawi hayana urefu sawa. Mjini kata inagawanyika kuwa mitaa na basi. Vijijini kata ina vijiji, na kijiji kina vitongoji. Kuna watu huona aibu kuacha seli wazi, wakaandika jina la mtaa mara mbili ili safu ya kitongoji isibaki tupu. Wanazalisha vitongoji visivyokuwepo. Acha wazi, na ongeza safu inayosema mstari huu ni wa aina gani: mkoa, halmashauri, kata, mtaa, kijiji, kitongoji.

Safu hiyo itakuokoa kwenye jumla. Katika faili tulilonalo kaya zilezile zimeandikwa kwenye kijiji, zikarudiwa kwenye kata, zikarudiwa tena kwenye halmashauri na mkoa. Ukijumlisha safu nzima ya E unazihesabu kila ngazi. Mistari inayojumlishwa ni ile yenye kitu kwenye D pekee. Lakini ile ya jumla usiitupe haraka, ndiyo mkaguzi wako. Kwenye kila mstari wa kata weka hii, 2 ikiwa namba ya mstari huo:

=SUMIFS(E:E,G:G,G2,H:H,H2,I:I,I2,D:D,"<>")

ukilinganisha na jumla iliyoandikwa pale. Zikilingana kote, nasaba umeipanga sawasawa. Zisipolingana, ama kijiji kimeangukia kwa mzazi asiye wake, ama aliyejumlisha alikosea tangu mwanzo, na la pili hutokea zaidi kuliko watu wanavyokiri. Usirekebishe kimyakimya. Mpigie simu mtendaji wa kata.

Nasaba za maeneo pia hubadilika. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilifanywa mikoa mwaka 2012, Songwe mwaka 2016. Chato iliyokuwa Kagera ikawa Geita. Ndiyo maana orodha ya maeneo ikae kwenye jedwali lake, lenye safu ya mwaka, ili ukilinganisha takwimu za kabla na baada ujue unalinganisha mikoa ipi.

Matoleo mapya ya Excel yana SCAN na FILTER, na kazi yote hiyo inaweza kufanywa kwa fomula moja au mbili. Jifunze, ila faili likienda kwenye kompyuta ya zamani huko kwenye kata, wao huenda wakaona #NAME?.

Ukimaliza, nakili safu za G, H na I uzibandike kama thamani kabla hujapanga chochote, kwa sababu fomula hizi humtazama aliye juu, na ukipanga upya aliye juu anakuwa mtu mwingine. Na mkuu akidai karatasi yake ile ya zamani, yenye mkoa mara moja juu na nafasi nyeupe chini, usibishane naye. Fungua ukurasa wa pili wa kuchapisha, unaosoma jedwali lako lililopangwa, na humo, ukitanguliza jina la ukurasa wa jedwali kwenye kila G na H, andika =IF(G2=G1,"",G2) kwa mkoa na =IF(AND(G2=G1,H2=H1),"",H2) kwa halmashauri. Kata utaimalizia mwenyewe.