Anayejua Ana Deni Gani kwa Jirani?

Mnyauko wa migomba haujui mpaka wa shamba. Ugonjwa huu wa bakteria, uliobainika mkoani Kagera katikati ya miaka ya 2000, huenezwa na wadudu wanaotua kwenye ua dume, na vilevile na panga lililotoka kukata mgomba mgonjwa. Mkulima wa Ngara au Biharamulo anaweza kujua kinga yake yote: kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, kupitisha panga motoni, kung'oa shina lililougua. Jirani yake asipojua, migomba ya wote wawili imo hatarini.

Je, anayejua ana wajibu gani kwa asiyejua?

Dini zimelijibu swali hili kwa uzito. Katika mfano wa Msamaria Mwema, jirani ni yule aliyetenda, hata kama ni mgeni. Mtume Muhammad naye alisisitiza haki ya jirani hadi kuikaribia haki ya ndugu anayerithi. Hata nje ya dini, mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliuweka ujamaa kwanza katika moyo wa mtu, kabla ya mali zake.

Ngara iliyaishi mafundisho hayo. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Ngara ikawapokea. Mwaka uliofuata Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, ikawafikia wakimbizi na wenyeji pamoja.

Jirani zao wa Karagwe walifuata njia hiyohiyo. Joseph Sekiku na shirika lake la FADECO walichota maarifa ya kilimo kwenye intaneti, wakayapeleka kwa wakulima kwa redio ya jamii. Kompyuta ya mmoja ikawa sikio la wengi.

Leo wapo wanaosema simu ya mkononi imeondoa haja ya vituo vya teknolojia vijijini, ambako maarifa kama hayo hutafutwa kwa kompyuta. Lakini simu humpa mtu jibu akiwa peke yake; mnyauko unataka kijiji kizima kikubaliane siku ya kung'oa. Makubaliano hayo huzaliwa watu wanapokutana, wakaulizana, wakaaminiana.

Kwa hiyo halmashauri za Ngara na Biharamulo zisikipime kituo cha teknolojia kwa idadi ya kompyuta. Zimuulize mama anayepalilia migomba, asiyewahi kuingia humo: je, habari zimekufikia?