Sadaka au Ujira?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, makanisa ya Baltimore, Marekani, yaliyokuwa yakigawa chakula kwa maskini yaligundua jambo zito: kwenye foleni walisimama pia watu wenye kazi. Walikuwa wakifanya kazi, na bado mshahara hauwatoshi kula.

Je, muumini akishamlisha mwenye njaa, wajibu wake umekwisha?

Wachungaji wa umoja wa makanisa uitwao BUILD, pamoja na chama cha wafanyakazi cha AFSCME, waliona haujaisha. Wakalibana baraza la jiji. Desemba 1994 ikapatikana sheria: kampuni zenye zabuni za jiji zilipe walau dola 6.10 kwa saa, wakati kima cha chini cha taifa kilikuwa 4.25. Mwaka 2001, makanisa na misikiti ya London Mashariki ikaanza kampeni kama hiyo.

Wapo wanaohofu mimbari itachafuka ikigusa siasa. Kweli huchafuka, inapokodishwa kwa mgombea. Lakini kudai ujira wa haki ni ibada: Waraka wa Yakobo unawakemea matajiri wanaowadhulumu wavunaji, na Waislamu wamefundishwa kumlipa kibarua kabla jasho halijamkauka.

Hata hivyo, sheria ya Baltimore haikuwagusa wauza duka wala wapishi wa mahotelini. Kwao kima cha chini kilibaki 4.25 ile ile.